Sakafu ya mianzi imekuwa ya matajiri, na sisi tunalala juu ya mawe mpaka lini?

Ndugu wasikilizaji wa Goma, Sake, Minova na Kalehe, na nyinyi jamaa zetu mliorudi Masisi na Rutshuru mkakuta nyumba imebaki nguzo mbili na majivu, leo siongei habari ya vita. Naongea habari ya chini. Chini kabisa, pale mtoto anapolala usiku.

Siku chache zilizopita niliingia katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini kutafuta misumari ya bati. Mwenye duka, kijana mwenye heshima zake, akanivuta mkono mpaka pembeni. Akanionyesha vibao vyembamba vinang'aa kama vimepakwa mafuta, vimefungwa ndani ya karatasi ya plastiki. "Papa, angalia. Hii ni mianzi. Unatandika chini kama karo. Haiue miti. Watu wa Ulaya wote sasa iko wanaweka hii juu ya kulinda mazingira." Nikamwuliza bei. Mita moja ya mraba ilipita bei ya shitingi ambayo familia ya watu 8 inapewa iishi ndani yake. Nikamwuliza tena: mianzi hii imetoka wapi? Akajibu bila haya: Uchina. Imepanda meli mpaka Mombasa, ikapanda lori, ikavuka Uganda, ikafika hapa.

Nikacheka, lakini si cheko la furaha. Toka hapa nenda mpaka Kalehe, angalia kando ya mito. Mianzi ipo. Inapeperuka na upepo, watu wanakata wa kusimamishia maharagwe na wa kuzungushia lupango. Na sisi tunaagiza mwanzi kutoka upande wa pili wa dunia, tunaupakia katika lori linalokunywa mazuti siku nyingi barabarani, halafu tunauita rafiki wa mazingira!

Niseme wazi kabla sijalaumiwa: sina ugomvi na mwanzi. Ugomvi wangu ni na uongo unaouzwa pamoja nao. Mwanzi wenyewe unastahili sifa. Si mti, ni jani, ndugu wa muhindi na wa miwa. Chipukizi likitoka ardhini linafikia urefu wake wote katika miezi michache tu, kisha linakaa miaka mitatu hadi mitano likikomaa na kuwa gumu. Ukiukata uliokomaa, mizizi inabaki hai na mwaka unaofuata inatoa mingine. Linganisha na libuyu na muvula, mbao ambazo wenye pesa wa mji huu wanapenda kwa milango na sakafu. Ule mti uliuzaliwa kabla ya babu yako. Ukianguka umeanguka, na anayepanda mwingine mahali pake sijamwona. Linganisha na sima: ili uipate wanachoma mawe ya chokaa katika moto wa zaidi ya digrii 1,400, na viwanda vya sima peke yake vinatoa karibu sehemu 8 kwa 100 ya hewa chafu ya kaboni ambayo watu wote wa dunia wanatoa. Kwa hiyo anayesema mwanzi ni sakafu nzuri kwa dunia hadanganyi.

Anadanganya anapoacha kusema mengine. Vile vibao vya dukani ni vipande vyembamba vilivyobanwa pamoja kwa gundi, na baadhi ya gundi hizo, hasa za bei ya chini, zinatoa hewa ya fomaldehaidi inayochoma macho na koo ndani ya nyumba iliyofungwa. Juu ya gundi kuna rangi ya kung'arisha. Juu ya rangi kuna safari ya bahari na ya lori. Mtu wa Uchina anayetandika mianzi iliyoota nyuma ya kijiji chake, huyo namsifu. Tajiri wa Goma anayeitandika ile ile sebuleni kando ya ziwa, huku jikoni kwake wanapikia makala yaliyochomwa ndani ya Virunga, huyo asinifundishe habari ya mazingira.

Sasa njoo nikupeleke kwenye sakafu ninayoijua mimi.

Mnajua mji huu umekaa juu ya nini. Nyiragongo ilitema moto mwaka 1977, ikatema tena mwezi wa kwanza 2002 ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikatema tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ukasimama Buhene. Tunajenga juu ya mawe meusi yenye meno. Kambi zilipofunguliwa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, familia ziliwekwa juu ya mawe hayo hayo. Nilikuwepo siku moja ya ugawaji. Kila familia ikapokea shitingi, miti ya karatusi, kamba, na misumari kidogo. Nikamwendea msimamizi wa shirika lililokuwa linagawa, nikamwuliza: na chini? Akaangalia karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Sakafu haiko katika liste." Nikamwambia, lakini mtu halali juu ya paa. Akatabasamu, akaita namba iliyofuata.

Mama mmoja kutoka Masisi, mama wa watoto watano, alinionyesha jinsi alivyofanya. Aliponda mawe madogo kwa nyundo ya kuazima, akasawazisha, akaweka majani makavu, akaweka juu ya majani gunia, na juu ya gunia watoto. "Mvua ikikuya, maji inapitia chini yabo," aliniambia. "Ile majani inaoza. Natoa, naweka ingine. Mukubwa iko anakohoa tangu tulifika, na mudogo naye ameanza. Ku hopitali banatupatia dawa, tunarudia kulala mu maji ile ile." Hakuna daktari anayehitajika kutueleza maana ya maneno hayo. Tunatoa dawa ya kikohozi asubuhi, tunamlaza mtoto kwenye chanzo cha kikohozi jioni.

Kitanda cha mianzi chenye upana wa ukumbi mzima wa hema, kimenyanyuka shubiri mbili tu juu ya mawe, kingembadilishia mama huyu maisha. Maji yanapita chini, watoto wanabaki juu, hewa inapita katikati. Na nisieleweke vibaya, maana najua ninyi wa Bulengo na Lac Vert mtaniuliza habari ya mazuku: sakafu ya kunyanyua haizuii mazuku. Hewa ile ikijaa shimoni inajaa, na dawa yake ni moja tu, kutowaweka watu mahali pale. Asije mtu akauza mianzi kwa jina la mazuku.

Mtasema kambi zimekwisha. Kweli, mwezi wa pili wa mwaka 2025 kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa, watu wakaondoka kwa haraka na mizigo kichwani. Siasa yake siiingii. Lakini watu hawakuyeyuka. Wako vijijini wanajenga upya, wengine wako kwa jamaa, wengine katika madarasa. Na wanajenga na nini? Na shitingi ile ile iliyopasuka, na miti ya karatusi kama ipo, na kama haipo wanaingia parki. Huu ndio wakati wa kusema habari ya sakafu, kabla kila mtu hajazoea tena kulala chini na kuiita kawaida.

Nimezungumza jambo hili na watu wengi na majibu ninayopewa nayajua kwa moyo.

La kwanza: mwanzi unaoza, unaliwa na dudu, miaka miwili umekuwa unga. Ni kweli kwa mwanzi uliokatwa vibaya, na karibu yote tunaikata vibaya. Tunakata michanga kwa sababu ni laini kupasua. Tunakata wakati wa mvua, ukiwa umejaa maji na sukari, na ile sukari ndiyo dudu anafuata. Tunaupigilia ardhini ukiwa mbichi, kisha tunashangaa. Wazee walijua. Ingia jiko la zamani la kijijini, tazama fito za mianzi juu ya mafiga, nyeusi kwa moshi, zina miaka na miaka na dudu hajagusa. Moshi umezikausha na kuzifanya chungu. Anayetaka bila moshi, akate wa miaka mitatu kupanda juu, wakati wa kiangazi, aulaze ndani ya maji wiki kadhaa mpaka sukari itoke, halafu aukaushe kivulini, si juani, maana jua linaupasua. Mwenye uwezo zaidi anachanganya maji na chumvi ya boraksi na asidi yake ya boriki, anatoboa vifundo vya ndani, anauloweka humo. Dawa hiyo inatumika nchi nyingi na haimuui anayelala juu yake.

Na usiuguse udongo. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Nguzo fupi zisimame juu ya mawe, na mawe ndiyo kitu pekee ambacho Goma haikosi. Juu ya nguzo weka fito nzima, juu ya fito weka mianzi iliyopasuliwa na kutandazwa: unapiga kila kifundo kwa shoka, unafungua upande mmoja, unavunja vikuta vya ndani, unaukanyaga mpaka ulale kama mkeka mgumu. Msumari usiupige hivi hivi, utaupasua. Toboa kwanza, ao funga kwa kamba. Seremala yeyote wa Kituku ao Birere anaweza kujifunza hayo kwa siku moja. Na paa likivuja, hakuna mianzi wala mbao itakayokuokoa, kwa hiyo anza na paa.

Wanasema tena kwamba mwanzi unashika moto. Unashika, kama shitingi, kama mbao, kama godoro. Jiko liwe nje ya mahali pa kulala. Hilo tulipaswa kulifanya hata bila mianzi.

Neno la tatu linaniudhi kuliko yote: "Mwanzi ni wa maskini." Mwaka mzima tunaudharau kwa sababu jirani ameutumia kwa lupango la mbuzi. Siku umerudi kutoka Uchina umepakwa rangi na kuandikwa herufi za dhahabu, tunautolea dola. Wale wale waliomcheka mama kwa kitanda chake cha mianzi ndio wanaonialika leo nije nione sebule.

Sasa nageuka upande wa pili, maana kuna watu wanaonisikia hapa na tayari wananoa panga. Nikisema mianzi, sisemi mianzi ya parki. Misitu mikubwa ya mianzi ya mkoa wetu iko juu, kwenye baridi, zaidi ya mita 2,300: Mikeno na Sabyinyo upande wa Virunga, Kahuzi-Biega upande wa Kivu ya Kusini. Mvua za mwezi wa tisa na wa kumi zikianza na machipukizi yakitoka, sokwe wa Kahuzi wanaingia humo kuyala. Kwao ni msimu wa mavuno. Kima wa dhahabu wa Virunga anaishi humo karibu maisha yake yote. Anayepakia mianzi hiyo usiku na kuiuza mjini kama "kitu cha kulinda mazingira" ni mwizi mara mbili, ameiba mwanzi na ameiba neno. Sheria ya 2014 ya kulinda viumbe inamkataza, na hata kama isingemkataza, akili inatosha.

Lakini siwezi kutaja Kahuzi-Biega nikapita haraka, kama wanavyopita wengi. Watu wanaoujua mwanzi kuliko sisi sote ni Wambuti wa kule, wale ambao wengine wanawaita Batwa. Parki ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa baadaye, walifukuzwa ndani yake bila kupewa ardhi nyingine. Leo wanasuka vikapu kwa mianzi ya kubahatisha, na wakiingia kuchukua wanakamatwa ao mabaya zaidi. Mzee anayejua kuutambua mwanzi wa miaka mitatu kwa kuugonga kidole tu, huyo ndiye anakaa kando ya barabara bila shamba. Siku mradi wa mianzi utakuja, na utakuja tu na gari zake nyeupe, nataka kuona kama huyo mzee atakuwa mwalimu anayelipwa ao atakuwa picha katika ripoti.

Basi mianzi itoke wapi? Ipandwe. Ipandwe kando ya mito na kwenye miteremko ambayo tumeivua nguo. Wa Kalehe hamhitaji kuelezwa. Mwezi wa tano 2023 maji na matope yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini mlima usio na mizizi unashuka upesi kuliko mlima wenye mizizi. Mizizi ya mwanzi inasukana chini ya udongo kama wavu wa sambaza. Haitazuia mlima mzima usiporomoke, lakini ukingo wa mto inaushika vizuri, na hapo hapo inakupa fito za nyumba. Karatusi, ambayo miradi yetu yote imeipenda, inakupa mti mmoja ulionyooka na inakunywa maji ya jirani. Sisemi tuing'oe. Makala ya karatusi ya kupandwa ni afadhali kuliko makala ya Virunga. Nasema isipandwe kwenye chemchemi, na isiwe jibu moja la kila swali.

Hapa nafika penye jiwe lenyewe. Nani atapanda? Familia iliyokimbia inalima shamba la kukodi, msimu kwa msimu. Nenda Masisi, mwulize mwenye shamba kama anakubali mpangaji apande kitu kinachokaa miaka 20. Atakufukuza jioni hiyo hiyo, kwa sababu kwetu anayepanda mti anadai udongo. Atakuruhusu maharagwe, atakuruhusu viazi, mwanzi hapana. Na vilima vingi vya Masisi ni malisho ya watu wachache ambao hata hawaishi pale. Kwa hiyo kila anayesimama na kipaza sauti kuwaambia wakimbizi "pandeni miti, lindeni mazingira" bila kutaja ardhi anawatukana. Machifu wa groupement na wakuu wa mitaa, hili ni lenu. Kingo za mito si za mtu mmoja. Tengeni ukanda wa kupandia, andikeni kwenye karatasi kwamba aliyepanda ndiye atakayekata hata kama udongo si wake, na tieni sahihi mbele ya mashahidi. Salongo ya Jumamosi moja inatosha kupanda mashina ya mto mzima. Mwanzi hauhitaji hata mbegu. Unachimba kipande cha shina na mizizi yake, unakipanda kabla ya mvua, basi.

Mashirika nayo nayaambia hivi. Ongezeni sakafu katika liste yenu. Nunueni mianzi iliyopandwa kwa vyama vya wakulima wa hapa, kwa bei inayoeleweka, na mdai kujua kila fito imekatwa wapi. Mkikosa kuuliza swali hilo moja, pesa zenu zitamaliza mianzi ya parki katika msimu mmoja, na mtakuwa mmefanya hivyo kwa jina la mazingira. Kama mianzi ya kupandwa bado haitoshi, anzeni na vitanda vya kunyanyua vya mbao za karatusi. Sikuja kuuza mwanzi. Mimi nataka mtoto atoke juu ya jiwe.

"Mwanzi unachukua miaka mitano, na sisi tunashughulikia dharura." Hilo nililisikia ofisini, kutoka kwa mtu ambaye sasa yuko nchi nyingine katika dharura nyingine. Nilimkumbusha kwamba mwaka 2012 Kanyaruchinya ilijaa wakimbizi. Mwaka 2022 ikajaa wakimbizi tena, wengine ni watu wale wale, watoto wa wakati ule wakiwa sasa wamebeba watoto wao. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 10. Mianzi iliyopandwa 2012 ingekuwa imekatwa mara kadhaa na bado imesimama. Dharura yetu ina umri kuliko shamba la mianzi.

Yule mama wa Masisi nilimtafuta tena mwezi uliopita kwa simu ya jirani yake. Amerudi upande wa kwao. Nyumba haikuwepo, lakini nyuma yake, kando ya kijito, kichaka cha mianzi alichopanda baba mkwe wake kilikuwa bado kipo, kimenenepa. Shemeji yake amekata fito 40 na kuzilaza majini chini ya mawe, zinangoja kiangazi. Nikamwuliza kama watoto bado wanakohoa. Akasema mdogo amepona, mkubwa bado. Halafu akaniuliza kama mjini naweza kumpatia ile chumvi ya dawa, na inauzwa franga ngapi. Nimezunguka maduka manne ya Birere sijaipata. Mwenye kujua inapouzwa, anipigie.